Karte ya Mama Iliyolipa Peke Yake

Tulifunga safari kutoka Likasi kwa sababu mjomba Ilunga aliitaka karte ya mama, kadi yake ya benki, na mama alikataa. Nawaandikia ninyi mliobaki Shituru, mtaani kwetu, maana mpaka sasa mmesikia upande wa mjomba tu.

Mama anapika bukari, ugali wetu, katika kantini ya kiwanda. Tangu mishahara ianze kupitia benki, anayo karte ya kusogeza karibu na mashini, nayo inalipa. Mwezi uliopita tulikwenda Lubumbashi kwenye ubatizo, tukapita katika duka kubwa la vyakula, mama akanunua sabuni kwa noti. Simu yake ilikuwa imezimika. Tulipoichaji nyumbani ikaleta ujumbe wa benki kwa Kifaransa. Niliusoma mara mbili. Karte ya mama ilikuwa imelipa katika duka lile, siku ile ile, vitu ambavyo hatukununua.

Mama akamwomba kaka yake shauri. Hapo ndipo alipokosea.

"Mama Odile, leta iyi karte," mjomba akamwambia mama. "Mushahara yako ipite ku konti yangu. Mashini inakudanganya sawa mutoto."

"Yaya, minye njo naamukaka na giza kupikia bantu bukari. Karte ni yangu," mama akamjibu kaka yake mkubwa.

"Basi onyesha fasi ile makuta ya benki ilienda. Ukishindwa, juma ikiisha tunaenda ku benki pamoja."

Mimi nilikuwa kwenye kona na daftari la fizikia. Mnanijua: hata mwalimu akiniita jina naitika kwa nyusi. Lakini usiku ule nilimwambia mama kwamba nitakwenda naye Lubumbashi, kwenye duka lile.

Asubuhi, kituo cha magari. Dereva aliuliza tunakwenda kununua nini. Mama akajibu, "Tunaenda kugombana." Dereva akacheka, akatupa kiti cha mbele.

Kapolowe, katikati ya safari. Gari lilisimama, wanawake wakalizunguka na mabeseni ya samaki na viazi vitamu. Kati yao alikuwa bibi mmoja mzee sana. Mama alishuka kumsalimia kama anavyosalimia wakubwa wote: akapiga makofi taratibu, magoti yakakunjika, kifua kikashuka, "Eyo vidye," neno letu Waluba la heshima. Nikaona ncha ya karte ikichungulia kwenye nguo yake ya ndani, kifuani. Ndipo anapoiwekaga, kama mama zenu wote wanavyoweka pesa.

Nikasahau viazi. Nikakumbuka duka. Mbele yetu kwenye foleni kulikuwa na mzee mmoja, karte yake mkononi, na mama alimsalimia vile vile, karibu kabisa na mashini ya kaunta. Mashini ikalia. Mtunza fedha akasema imepita, mzee akarudisha karte yake mfukoni, akaenda zake. Hakuiba. Alidhani amelipa.

Garini nikamnong'oneza mama. Akagusa karte kupitia nguo. Kisha akasema, "Kumbe heshima yangu njo ilimulipia."

Lubumbashi, dukani. Gérant, yaani msimamizi, alikuwa kijana mwenye tai. Alimsikiliza mama akiwa anaangalia simu yake.

"Mama, karte haina miguu," akasema. "Haiwezi kutoka mu nguo kuya kulipa. Ulinunua, ukasahau."

"Sikusahau."

"Bamama ba Likasi, munapendaka mambo!"

Masikio yalinichoma. Nikasikia sauti, ikawa yangu. "Papa gérant, tunaomba kununua chumvi. Andika bei ku mashini, halafu musiguse kitu."

Watu wa foleni wakageuka. Labda kwa sababu yao gérant alikubali. Mashini ilikuwa juu ya kijiti chake, ikimngoja mteja, bei ya chumvi kwenye kioo. Mama akamkabili gérant, akapiga makofi, akakunja magoti kidogo.

Tukangoja. Mashini haikulia.

"Munaona?" gérant akacheka. "Rudini ku Likasi yenu."

Mama akaanza kufunga kitenge chake vizuri, kama mtu anayeondoka. Akilini nilimwona mjomba amekaa benki, akisaini. Lakini nilikuwa nimemtazama mama maisha yangu yote. Ile haikuwa salamu. Alikuwa ameinamisha kichwa tu, kifua hakikushuka, kiuno kigumu kama mlango.

"Mama," nikasema, "haukumusalimia. Yeye hakustahili, basi haukushuka. Tafuta muntu wa kusalimia kweli."

Foleni ilipiga kelele ya furaha. Nyuma kabisa alikuwa koko mmoja, mama mzee mwenye fimbo na mkate. Watu wakampisha mpaka mbele. "Minye niko hapa," akasema. "Nisalimie, mutoto wangu."

Gérant akaandika bei upya, mdomo umejikunja. Mama alimtazama koko, uso ukalainika. Makofi. Magoti. Kifua kikashuka mbele ya mashini. "Eyo vidye, mama."

Mashini ikalia. Chumvi imelipwa.

"Gérant!" mwanamume mmoja akapaza sauti. "Mashini yako inachunguliaka bamama mu kifua!"

Nilitamani sakafu inimeze, lakini nilicheka. Gérant hakucheka. Alitafuta malipo ya siku ya ubatizo, akakuta namba za mwisho za karte ya mama kwenye vitu vya yule mzee. Akarudisha pesa, simu ya mama ikaleta ujumbe.

"Na siku ingine, mama," akasema kwa upole sasa, "usiiname karibu na kaunta."

"Minye naliinamia bantu kabla mashini yako izaliwe," mama akajibu. "Itafute yenyewe adabu. Na ule muzee, umutafute weye."

Kurudi. Dereva alikuwa yule yule. "Muligombana?" Mama akampa chumvi.

Kesho yake, benki ya Likasi. Mama aliomba wafunge ile njia ya kulipa kwa kusogeza, kila malipo yaombe namba ya siri. Walikubali bila hotuba. Jioni mjomba akaja, akakuta bukari na samaki mezani, akasikiliza yote.

"Sawa, mashini njo ilikosa," akasema, akinawa. "Lakini muntu moja wa jamaa anapashwa kujua ile namba. Utaniambia minye."

Mama akanitazama. Nikaweka kijiko cha kupakulia chini.

"Mjomba, inaitwaka ya siri."

Alinitazama kama aliyesikia kiti kikisema. Kisha akamega bukari, akala, na hakuiomba tena namba ile. Nilichojifunza katika safari hii ni hiki: mtu mwenye haya huwa anaangalia sana, na anayeangalia sana ana la kusema. Nimeshaanza.