Kabla Pembe Hazijakutana

Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Wapo waliojaribu, wakaishia kulivaa kichwani kama mzuka huku ncha inafagia sakafu. Linataka wawili: mmoja ashike pembe za huku, mwingine za kule, mnalivuta likakaza, mnalikunja kati, kisha mnaendeana mpaka mikono inakutana. Bi Pindo na Bi Mrefu walikuwa wakiendeana hivyo katika chumba cha kufulia tangu wote wawili wana nywele nyeusi, na kila walipoendeana palikuwa na neno katikati yao.

Mchezo ule ulianzishwa na Bi Pindo. Bibi aliyemlea alikuwa akigomba kwa maneno ambayo shuleni hayakufika. Mtoto asiyeoga hakuwa mchafu tu, alikuwa na nongo. Aliyetumwa dukani akakawia, huyo amezohali. Bi Pindo aliishia darasa la saba, lakini masikio yake hayakuacha shule. Akilipata neno geni, kwenye redio, kwenye foleni, au kwa mgonjwa anayelalamika dirishani, alitembea nalo siku nzima kama mtoto mwenye viatu vipya anayetafuta pa kukanyagia. Na pa kukanyagia palikuwa kazini. "Neno lisilofanya kazi," alikuwa akisema, "ni kama kitanda cha wageni. Kinatandikwa kila siku, hakuna anayekilalia."

Basi kanuni ilikuwa hivi. Mkishavuta shuka, mmoja anarusha neno. Mwenzake atoe maana kabla pembe hazijakutana. Akishindwa, rundo lile analibeba yeye mpaka kabatini.

"Jekejeke!"

"Jasho jingi la kumchuruzika mtu, kama hilo lako la puani. Lete pembe. Hanikiza!"

"Kupiga kelele mpaka wenzako wasisikike."

"Hiyo nusu. Nusu nyingine?"

"Harufu kujaa chumba kizima. Kama sabuni ya Mzee Povu."

Mzee Povu ndiye aliyekuwa mwendesha mashine, na alisikia kila kitu licha ya ngurumo za mashine isipokuwa alipoitwa. "Mtanisengenya mpaka lini nyie?"

"Mpaka utakapoacha kumimina sabuni kama unamwogesha tembo!"

Bi Mrefu alikuwa mrefu kweli, wa kufuta vumbi juu ya kabati bila kupanda kiti. Bi Pindo aliitwa Pindo kwa kuwa hakuna gauni alilowahi kununua ambalo halikupandishwa pindo. Kwa hiyo kila pembe zilipokutana, Bi Mrefu aliinama kidogo. Hakuna aliyewahi kulisema hilo. Aliinama tu, kama unavyosogeza mguu mtu apite.

Na palikuwa na neno moja lililogeuka kuwa mali yao wawili: gubu. Gubu ni ile tabia ya kununa na kunung'unika, kutafuta kosa hata kwenye maji ya kunywa. Bi Mrefu, asubuhi kabla ya chai, alikuwa nalo la kugawia mtaa.

"Dada, gubu limeamka?"

"Limeamka, mwenzangu, na limekuulizia wewe."

Wakacheka, wakavuta shuka, siku ikaanza.

Likatokea la kutokea. Kijana wa kwanza wa Bi Mrefu akapata mchumba, na watu wa upande wa binti wakaja nyumbani kujuana. Mbele alitangulia shangazi yake binti, mwanamke wa kukaa wima kama sindano. Bi Pindo alialikwa kama ndugu wa mwenye nyumba. Soda zikafunguliwa, naye akaombwa aseme mawili matatu. Alianza vizuri. Mwenzangu huyu ni msafi, mchapakazi, mkono wake uko wazi. Wageni wakatabasamu. Sasa Bi Pindo, ukishamwonjesha tabasamu, breki hana.

"Ila binti yetu ajiandae," akasema, "mama mkwe huyu ana gubu! Gubu la kupakia kwenye magunia!"

Akangoja kicheko, kile cha chumba cha kufulia. Hakikuja. Shangazi aliweka glasi mezani taratibu, akamtazama Bi Mrefu toka kichwani mpaka viatuni. Gubu la mfanyakazi mwenzako ni mzaha, lakini gubu la mama mkwe ni habari.

"Gubu?" shangazi akauliza.

"Kunyweni soda," akasema Bi Mrefu, "zinapata joto."

Arusi haikuvunjika, tena ilipendeza, na binti akahamia kwa mumewe, nyumba moja na mama mkwe. Lakini asubuhi Bi Mrefu aliporudi kazini kutoka likizo ya arusi, Bi Pindo alipovuta shuka na kurusha neno, neno lilianguka sakafuni kama kijiko. Bi Mrefu alikunja kimya, akaja kimya, na pembe zilipokutana hakuinama. Alizishika huko huko juu, usawa wa kidevu chake. Bi Pindo ikabidi asimame kwa ncha za vidole kuzifikia.

Wiki mbili walikwenda hivyo. Mashuka yakaanza kutoka kombo, yakionekana kama yamekunjwa na watu wanaokimbia mvua. Mzee Povu akalalamika kwamba sasa anazisikia mashine zake, na hazina la maana. Jumatatu ya wiki ya pili msimamizi, mama wa funguo shingoni, akaja na tangazo: Bi Mrefu ameomba kuhamia chumba cha sare, ng'ambo ya ua, na wiki ijayo anaanza. Zamu za kule ni nyingine, chai ya kule ni nyingine. Na sare hukunjwa na mtu mmoja mmoja.

Bi Pindo alijibu "Sawa" kwa sauti ya mtu ambaye si sawa. Alikwenda nyuma ya mashine akajifanya anatafuta kifungo.

Tatizo lake lilikuwa moja, na alilijua. Maneno alikuwa nayo ya kufungulia duka, lakini la kuomba radhi halikuwahi kupita kinywani mwake. Kwa mumewe alikuwa akiomba radhi kwa kupika vizuri. Kwa watoto, kwa kutogomba siku mbili. Basi akajaribu njia ya kuzunguka. Jumanne alirusha "usuhuba", yaani urafiki wa kushibana. Kimya. Jumatano "bashasha", ule uchangamfu wa mtu anayekupokea kwa uso wote. Kimya. Alhamisi akatoa la akiba, "kutaradhia", kumbembeleza mtu mpaka aridhike. Bi Mrefu akachukua rundo, akalibeba mwenyewe kabatini, ilhali zamani angelala chini kuliko kulibeba bila kubishana.

Mzee Povu alikuwa amesimama na ndoo yake. "Dada, unamrushia maua kwa mbali."

"Wewe unajua nini?"

"Mtu uliyemkanyaga humwelezi aina za viatu. Unaondoa mguu."

"Hayo umeyapata wapi?"

"Nina mke," akasema Mzee Povu, akarudi kwenye sabuni.

Ijumaa ikafika, na jioni likabaki shuka moja. Mashine zilikuwa zimezimwa, mvuke umetua, unasikia hata bomba linavyodondosha. Wakashika pembe. Wakavuta.

"Nisamehe," akasema Bi Pindo.

Bi Mrefu alilikaza shuka, hakusogea. Halafu, kwa mara ya kwanza katika wiki mbili, akafungua kinywa.

"Maana?"

"Eeh?"

"Umerusha neno. Nimeshindwa. Nataka maana."

Bi Pindo akaanza kutembea, polepole, pembe mkononi. "Maana yake nilichukua neno letu la humu ndani nikalitandaza mbele za watu wasiojua lilivyokunjwa. Maana yake nilitaka kuchekesha watu, nikakuuza wewe. Maana yake ulininyamazia na bado ulikuja kushika pembe kila asubuhi, na mimi badala ya kusema nikawa najionyesha. Maana yake... Huko kwenye sare utanuna na nani?"

"Maana ndefu hiyo," akasema Bi Mrefu. "Pembe zimeshakutana kitambo."

Na kweli zilikuwa zimekutana. Bi Pindo alikuwa amesimama kwa ncha za vidole bila kujijua.

"Unajua umenifanya nini?" Bi Mrefu akaendelea, na midomo yake ikaanza kumsaliti. "Yule binti tangu ahamie ananitazama tu. Nikiamka ananitazama. Chai ikichelewa ananitazama. Juzi akaniuliza kwa adabu zote, 'Mama, lile gubu mlilotuambia siku ile linakuja lini? Nalingoja silioni.'"

"Toba!"

"Siwezi kununa nyumbani kwangu! Nikikunja uso tu, habari inafika kwa shangazi yake. Natabasamu mpaka mashavu yanauma. Sasa gubu lote hilo nilipeleke wapi? Nimekuletea wewe. Wiki mbili hizi umekula gubu la nyumba nzima, na ni haki yako."

Bi Pindo aliangua kicheko mpaka akashikilia shuka asianguke. Nyuma ya mashine Mzee Povu alisikika akikohoa kwa furaha.

"Na sare?" Bi Pindo akauliza, akifuta macho kwa kiganja. "Msimamizi atakubali ubaki?"

"Atakubali. Mchana nimempita hapo korido, anajaribu kukunja shuka peke yake. Alikuwa amelivaa kichwani." Bi Mrefu akatazama chini, kwenye vidole vya mwenzake vilivyokuwa vinatetemeka kwa kusimamiwa. "Na wewe umening'inia hapo kama nguo ya kuanikwa kwa nini? Ulidhani sitainama?"

Akainama. Bi Pindo akashusha visigino sakafuni.