Maziko ya Kichwani

Kwenye chumba cha kupigia pasi cha hoteli, wafanyakazi wenzake walimpachika mama huyu jina Itakuwaje. Mawingu yakitanda, itakuwaje paa likivuja. Simu ikiita, alikuwa ameshakaa chini kabla ya kupokea, akingoja kuambiwa nani kafa.

"Najiandaa tu," alijitetea, "nisije nikashtukizwa."

Mumewe, fundi rangi, alipoota uvimbe shingoni, mke alijiandaa kwelikweli. Huku akinyoosha mashuka ya hoteli, kichwani alimzika: viti vya kuazima, shangazi atakayenuna kwa kuchelewa kuambiwa, suti ya kumvalisha. Alilia mpaka ikabidi mashuka yapigwe pasi upya. Siku ya upasuaji hakuwa na chozi hata la dawa.

Daktari akatoka, akasema uvimbe haukuwa na ubaya wowote.

"Asante," akajibu, kama mtu aliyerudishiwa chenji.

Mume akarudi nyumbani. Akala, akaoga, akalalamikia chumvi. Yeye akamtazama kama mgeni aliyekosea mlango. Wifi yake aliimba jikoni kwa raha. Yeye aliosha vyombo. Aliingoja furaha, wala haikuja.

Jioni moja mume, bandeji ingali shingoni, alimuuliza taratibu, "Ulishanizika, siyo?"

"Ndiyo."

"Watu walikuja?"

"Wengi. Shangazi alinuna."

Mume akacheka huku ameshika shingo. Yeye hakucheka, ila alivuta kiti akakaa karibu, akamsimulia yote, hadi suti.

"Ile ya kahawia? Mbona inanibana."

"Nilijua hutalalamika."

Tangu hapo, wazo baya lilipomjia kazini, hakulifukuza wala kulikaribisha. Itakuwaje akianguka kwenye ngazi? Aliliacha lipite, akageuza shuka upande wa pili. Siku nyingine lilimzidi nguvu, akampigia mumewe simu kumuuliza anafanya nini.

"Napaka dari."

"Haya, paka."

Moyo ulibaki na ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Siku mume aliposema mwakani wahamie nyumba yenye dirisha kubwa, mke alijikuta ameshafungua mdomo kutaja balaa fulani. Akaufunga. Kisha akauliza, "Dirisha litazame wapi?"

"Utakakotaka wewe."

Akakunja shati moja la mumewe.

"Barabarani, nikuone ukirudi," alisema, akaendelea kukunja nguo.