Ruu Aliyoimwaga Earline

Mdogo wangu Earline Fuselier aliendesha basi la shule kwa miaka kumi na sita hapa Ville Platte, Louisiana, na hakuna aliyewahi kumsikia akilalamika. Mimi ni dada yake mkubwa, kwa hiyo malalamiko yangeanza kunifikia mimi. Watoto walimpenda, basi lilimtii, na kila kiangazi alipumzika miezi miwili na nusu. Mtu mwenye akili zake angetulia hapo mpaka astaafu.

Kilichomharibu ni samaki wa Kwaresima. Parokia yetu hukaanga kambare kila Ijumaa ya mfungo, na mwaka ule Bwana Hulin, ambaye karai la kukaangia amelishikilia tangu baba yetu yu hai, aliamka mgongo umemkataa. Earline alikuwa amepita tu kuchukua sahani mbili za kwenda nazo nyumbani. Akafungwa aproni, akakabidhiwa karai, na kufikia jioni alikuwa amelisha parokia nzima na wageni wa parokia ya jirani, kila mtu samaki wa moto. Nilimkuta amekalia ndoo iliyopinduliwa, unga hadi kwenye nyusi, anacheka peke yake. Akaniambia hajawahi kuchoka vile maishani mwake, na kwamba angependa kesho aanze tena. Hapo nikajua tumekwisha.

Alitangaza siku ya Pasaka, mezani, watu wakiwa bado wanapakua wali. Anaacha basi. Anakwenda Lafayette kusomea upishi mwaka mzima, awe shefu wa kazi, wa kuajiriwa. Sasa kwetu hakuna asiyejua kupika. Wanaume wetu wakienda kuwinda bata hupakia sufuria kwanza, bunduki baadaye. Kusema unakwenda shule kujifunza kupika ni sawa na kusema ukoo wako ulikulea vibaya. Mjomba Dalton aliweka uma chini, akajipangusa mdomo taratibu.

"Wakishakufundisha kupika," akamuuliza, "watakufundisha na kupumua?"

Tulicheka mpaka tukashika mbavu, nami nikiwemo, sikatai. Mama peke yake hakucheka. Alimtazama Earline, kisha akamuuliza kwa sauti ya chini, "Mimi nilikuwa nakufundisha nini humu ndani miaka yote hiyo?" Earline akachukua kijiko cha wali, akampakulia yeye kwanza.

Lakini mdogo wangu ana kichwa kigumu, kakirithi kwa huyo huyo mama. Agosti basi lake akapewa mtu mwingine. Yeye akawa anaondoka alfajiri na begi la visu, anarudi jioni ananuka vitunguu. Nyumba nzima ilisoma pamoja naye, tutake tusitake. Alikata karoti vipande vidogo vya mraba, vyote saizi moja, akavipanga mezani na kuvipima kwa rula, na vilivyomshinda tukavila sisi kwenye supu mpaka Krismasi. Aliweka plasta kidole gumba, halafu cha shahada, halafu gumba tena. Mimi nilishika daftari lake nikimuuliza maswali, na hivyo ndivyo nilivyojua mambo ya sosi za Kifaransa ambayo sikuyaomba.

Alileta pia mizani. Mama alipoiona jikoni kwake aliuliza kama kuna mgonjwa anayepimiwa dawa. Wageni wakija aliifunika kwa taulo.

Vita vyao vikubwa, hata hivyo, vilikuwa vya ruu. Ruu ni unga wa ngano unaoukaanga kwenye mafuta ndipo utie supu, na kwetu gumbo, ule mchuzi wetu mzito wa nyama au samaki, lote limejengwa juu yake. Unakoroga huondoki. Simu ikilia, iache ilie. Unakoroga mpaka unga uwe rangi ya shaba, halafu rangi ya chokoleti, na Mama alikuwa akiwapima wakwe zake kwa rangi hiyo. Earline alisimamishwa juu ya kiti mbele ya sufuria akiwa na miaka saba. Sasa chuoni wakamwambia kuna ruu nyeupe, ya dakika chache tu, unga uive bila kubadilika rangi. Alipoipika nyumbani, Mama aliionja kwa ncha ya kijiko.

"Huu ni uji," akasema. "Mpeni mtu asiye na meno."

Mwezi Mei ukafika mtihani wa mwisho. Wanafunzi walikuwa tisa. Msimamizi alikuwa shefu wa hoteli moja kubwa pale Lafayette, Bwana Lindqvist, mtu mrefu mkimya wa kutoka Minnesota, na jikoni kwake palikuwa na nafasi moja. Angeonja vyakula vya wote tisa, kisha amtaje mmoja. Earline alikuwa na miaka arobaini na moja, hana basi, hana mshahara, na kila hoteli aliyoiandikia barua ilikuwa imemjibu kwamba inatafuta vijana. Nafasi ilikuwa hiyo.

Ndugu waliruhusiwa kukaa ukumbini, nyuma ya kioo kirefu. Nilikwenda na Mama, ambaye alisema anakuja kwa sababu gari linapita karibu na duka lake la nyuzi. Duka hilo halipo upande ule kabisa.

Saa mbili za kwanza mdogo wangu alitupa raha. Kisu kilikuwa kinakwenda chenyewe, meza yake safi, na kila alipoonja alichukua kijiko kipya. Ukabaki mlo wa mwisho: kuku katika sosi nyeupe. Karatasi ilikuwa imebandikwa mbele ya kila mmoja, imeandikwa wazi: ruu nyeupe. Akatia mafuta ya kuku kwenye sufuria, akatia unga, akashika mwiko.

Nikaona mabega yake yanashuka. Mimi mabega hayo nayajua. Ni mabega ya jikoni kwetu, ya mtu aliyesimama mbele ya ruu na ambaye dunia nzima imemtoka kichwani. Dakika tano zikapita na supu haitiwi. Zikapita nane. Mama akasogea ukingoni mwa kiti.

"Mtazame," akanong'ona. "Leo ndiyo anapika."

Mimi nilikuwa nimeshika roho mkononi. Kupitia chini ya mlango ikaanza kutujia ile harufu, ya karanga na ya Jumapili, na wanafunzi wengine wakawa wanageuza shingo. Niligonga kioo kwa pete yangu, mwalimu mmoja akanitolea macho, nikaacha. Mama alikuwa anatabasamu kama siku ya harusi yangu. Ruu ilikuwa imefika rangi ya shaba, laini, bila doa hata moja jeusi, na ilikuwa ruu nzuri kuliko zote alizowahi kupika mtoto yule.

Ndipo Earline akainua macho kuchukua supu, akakutana na karatasi.

Alibaki amesimama. Saa ya ukutani ilimwachia dakika ishirini na mbili. Angeweza kutia supu akapeleka hivyo hivyo, na kusema ndivyo tunavyopika sisi. Nusu ya Louisiana ingempigia makofi. Nilimwona anaitazama ile sufuria. Kisha akaibeba kwa mikono miwili hadi kwenye pipa, akaimwaga yote.

Mama alisimama. "Amefanya nini?"

Nikamweleza upesi kwamba ile haikuwa iliyotakiwa, walitaka nyeupe. Alijishika kifua, akakaa polepole.

Earline alichukua sufuria safi. Mafuta, unga, dakika nne, supu kidogo kidogo, anakoroga na huku machozi yanamtoka, anayafuta kwa bega. Aliweka sahani mezani ikiwa imebaki dakika moja.

Walifungua milango wakati wa kuonja, kwa hiyo haya niliyasikia mwenyewe. Bwana Lindqvist alionja sosi yake mara mbili. Akasema ni sahihi, inahitaji chumvi kidogo. Halafu akaelekeza kidole kwenye pipa.

"Ile ya kwanza ilikuwa imeungua?"

"Hapana, Shefu."

"Ilikuwa nzuri?"

"Mwaka huu hutakula nyingine nzuri kama ile."

"Kwa nini uliimwaga?"

"Si uliyoniagiza, Shefu."

Yule bwana hakucheka wala hakumsifu. Aliandika kitu, akaenda meza iliyofuata, akamaliza wote tisa kwa mwendo ule ule ulionitia kichaa. Mwishoni akasimama mlangoni akasema Bibi Fuselier afike Jumatatu saa kumi na moja alfajiri, avae viatu visivyoteleza. Nilipiga kelele za kuaibisha. Earline alikaa chini sakafuni, pale pale, na aproni yake.

Tulirudi nyumbani yeye akiendesha, maana hakuna anayeweza kumwondoa kwenye usukani. Mimi nilipiga domo peke yangu hadi mji wa Opelousas, nikipanga jinsi nitakavyompigia simu Mjomba Dalton. Mama alikaa mbele, pochi mapajani, anatazama mashamba ya mpunga. Nilidhani amenuna.

"Ile ya kwanza," akasema mwishowe, "ilikuwa imefika."

"Ilikuwa imefika, Mama."

"Nimepika miaka hamsini na tano." Akafungua pochi, akaifunga. "Mimi nisingeweza kuimwaga."

Earline aliwasha taa ya kuashiria, akatoa gari pembeni, akasimama, kwa sababu barabara alikuwa haioni.