Mama Kanda na sauti zilizokatwa kabla ya wimbo

Saa mbili asubuhi, mama mmoja mwenye koti jeupe na ndala miguuni anafungua mlango wa kabati la joto, anachungulia, kisha anaufunga taratibu. Ndani kuna kanda nne za sauti, zile kubwa za duara ambazo vijana wa leo wakiziona hudhani ni sahani. Zinaokwa.

Ndiyo, zinaokwa. Mwandishi wa makala haya naye aliuliza mara mbili.

“Kila mgeni ananiuliza mikate inatoka saa ngapi,” anasema bila kugeuka. “Nawaambia jioni, lakini hii haiendi na chai.”

Hapa ni chini kabisa ya maktaba ya chuo kikuu, chumba kisicho na dirisha, chenye mashine mbili za kuchezea kanda, kompyuta moja na rafu zilizojaa mpaka darini. Wanafunzi wanamwita Mama Kanda. Jina limemganda kiasi kwamba mkuu wa maktaba akimwita kwa jina lililo kwenye mkataba wake, yeye anaendelea na kazi kama anayeitwa ni mtu mwingine.

Kazi yake ni sehemu moja tu ya hazina kubwa. Ghorofa ya juu, wenzake wanapiga picha magazeti ya zamani ukurasa kwa ukurasa. Wengine wanashughulikia tasnifu za wahitimu wa mwanzo, ramani, na picha za mitaa ambayo leo huwezi kuitambua. Vyote vinaingia kwenye maktaba ya mtandaoni, na mtu yeyote mwenye simu anaweza kuvifungua akiwa kitandani kwake. Mwandishi alijaribu. Alitaka kusikiliza wimbo mmoja, akajikuta adhuhuri bado yumo, chai imepoa na mhariri ameshapiga simu mara tatu.

Mama Kanda ndiye mwenye sauti. Nyimbo za kwaya, bendi za dansi, mahojiano ya watafiti na wazee, ngonjera za shule: kanda zaidi ya elfu tatu, nyingi zimelala rafuni kwa nusu karne. Gundi inayoshikilia sauti kwenye utepe hunyonya unyevu ikawa inanata. Ukiicheza hivyo, inagandia mashine na kubanduka. Kinachobanduka ndicho sauti yenyewe, na hairudi.

Ndiyo maana ya kabati. Joto dogo, la kutwa nzima, hukausha ile gundi. Kanda ikipoa, inakubali kuchezwa kwa muda, naye huwahi kuihamishia kwenye kompyuta. Kabati lenyewe lilitoka idara ya baiolojia, lilikokuwa likioteshea vijidudu. “Nililisugua siku mbili,” anasema, na uso wake unaonyesha kwamba hizo siku mbili hajazisahau.

Kabla ya hapo alikuwa fundi redio, kazi aliyofundishwa na baba yake. Aliitwa chuoni kutengeneza spika za ukumbi wa mihadhara. Alipomaliza, akaombwa aangalie na mashine moja iliyokuwa stoo. Aliifufua, akaweka kanda ya kwanza iliyomjia mkononi, akavaa hedifoni.

“Nikasikia mwanamume anasafisha koo,” anasimulia. “Basi. Ehem! Hapa, nyuma ya shingo. Nikageuka. Nywele zilinisimama, nakwambia ukweli. Mtu amekufa kabla sijazaliwa, na anakohoa pembeni yangu kama anataka kupita.”

Hakurudi tena kwenye redio. Huu ni mwaka wake wa kumi na tisa.

Hata hivyo, katika miaka yake ya mwanzo alikuwa na desturi ambayo wakati ule ilionekana ndiyo ufundi wenyewe. Nafasi kwenye kompyuta ilikuwa finyu, na agizo lilikuwa kuhifadhi muziki. Kwa hiyo kila wimbo aliukata pale kwaya au bendi nzima inapoingia na pale sauti ya mwisho inapozimika. Viti vinavyoburutwa, mazungumzo, vikohozi, mtu anayeuliza maji yako wapi, vyote vilifutwa. Aliviita takataka. Alisifiwa kwa usafi wa kazi yake, naye alijisikia vizuri.

Mwaka jana, mlangoni pake akasimama fundi cherehani.

Ni mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, ana kibanda chake cha ushonaji karibu na stendi. Tepu ya kupimia ilikuwa bado shingoni. Mama yake mzazi alikuwa muuguzi, akafariki yeye akiwa hajatimiza mwaka. Alilelewa na mama yake mdogo. Picha za mama anazo mbili. Sauti yake hakuwahi kuisikia.

“Mteja wangu mmoja ni mwanafunzi,” anasema fundi cherehani. “Aliniambia chuoni kuna nyimbo za kwaya ya wauguzi wa hospitali kuu, za miaka ile. Nilikuwa namtia pindo la gauni. Nilisimamisha cherehani, sikuweza hata kumalizia.”

Nyimbo zilikuwepo, tena nne nzima, zilizorekodiwa na mwalimu wa muziki wa chuo ambaye sasa ni marehemu. Fundi cherehani alimpelekea mama yake mdogo, bibi wa miaka themanini na miwili, wakazisikiliza kwenye simu. Wanawake arobaini wakiimba pamoja, kwa uzuri wa kumtoa mtu machozi. Lakini katika arobaini, mama ni yupi?

“Nilimwuliza mama mdogo, akasema humo huwezi kumpata, wameungana,” anasimulia. “Halafu akauliza, mbona hawakuweka pale anapoanzisha? Dada ndiye aliyekuwa anawapa sauti. Kabla ya kila wimbo alikuwa anaongea, anawatania, ndipo anaanzisha.”

Alipolirudisha swali hilo chumba cha chini, Mama Kanda aliweka chini kanda aliyokuwa ameishika. Alivuta kiti akakaa.

“Nilijua palepale,” anasema. “Nilijua nimemkata mimi. Kwa mkono huu. Nilimfuta mtu ili wimbo uwe safi.”

Nakala ya kompyuta ilianzia pale kwaya inapoanza. Lililobaki ni kanda yenyewe, ndani ya boksi lake, na hali yake ilikuwa mbaya. Ilikwisha kuokwa mara moja miaka kumi na mitano nyuma, na sasa ilikuwa inanata upya. Kuioka mara ya pili ni kubahatisha. Huenda ikacheza. Huenda ikabanduka yote kwenye dakika ya kwanza.

Mkuu wa maktaba, mtu mpole anayeongea kama yuko kwenye chumba cha kusomea hata akiwa uwanjani, alishauri wasubiri. Labda baada ya miaka michache kutakuwa na njia salama zaidi. Kwa chuo, lilikuwa jambo la busara; nyimbo zenyewe zilishahifadhiwa. Lakini Mama Kanda aliona mwenye haki ya kuchagua ni fundi cherehani.

“Nikamwambia, shikamoo mkuu, lakini mama mdogo ana miaka themanini na miwili,” anasema fundi cherehani. “Yeye peke yake ndiye aliyebaki anayeijua ile sauti. Mkinitolea baadaye, nani ataniambia kwamba huyu ndiye?”

Hapo mkuu akakuna kichwa, akasema basi, okeni.

Kanda ilikaa kabatini kutwa kucha, kisha ikaachwa ipoe. Siku iliyofuata, mchana, walikaa wanne katika kile chumba: Mama Kanda kwenye mashine, mkuu mlangoni, fundi cherehani, na bibi aliyeletewa kiti chenye mto. Hedifoni ziliachwa, wakatumia spika ili wote wasikie. Mama Kanda alisafisha kila mahali utepe unapopita, akasafisha tena, mpaka bibi akamwambia, “Mwanangu, hata bi harusi haogi hivyo.”

Akabonyeza.

Kwanza mchakacho. Kisha ukumbi, ule mwangwi wa ukumbi mkubwa wenye watu wanaojitayarisha. Viti. Kicheko mbali. Na mtoto mchanga, analia kwa nguvu zake zote.

Mama Kanda aliukumbuka mlio ule. Ndio uliomfanya akate sehemu ndefu kuliko zote kwenye kanda hii.

Halafu sauti ya mwanamke, karibu kabisa na kipaza sauti, nzito kidogo, yenye kicheko ndani yake: “Jamani ngojeni. Mwalimu, zima hiyo mashine yako, bosi wangu ana njaa.”

Bibi alishika mkono wa fundi cherehani. “Huyo,” akasema. “Huyo ndiye.”

Mwalimu hakuzima mashine. Kwa nini, hakuna anayejua; pengine alisahau, pengine alikuwa anacheka na wengine. Utepe uliendelea kuzunguka. Kilio kikakatika ghafla, kikawa miguno ya mtoto anayenyonya kwa pupa. “Taratibu,” ile sauti ikasema, chini, si kwa kwaya. “Taratibu, mama. Hakuna anayekunyang’anya.” Na huku akinyonyesha akaanzisha wimbo, polepole, mmoja mmoja wakimpokea, mpaka arobaini wote wameingia.

Mwandishi aliisikiliza nakala ile kwa hedifoni za Mama Kanda. Kuna mambo unakutana nayo ukajiona mdogo, na ukashukuru kuwa mdogo.

Fundi cherehani hakulia wakati ule, anasema. Alishangaa tu. “Nilimwuliza mama mdogo, huyo mtoto wa nani? Akanitazama kama mjinga. Akasema, ni wewe. Ulikuwa na miezi mitano, ulikuwa unawaharibia kila mazoezi.”

Anaikunja tepu yake ya kupimia na kuikunjua.

“Miaka yote nilijua nimempoteza. Sikujua kwamba alishawahi kuongea na mimi.”

Utepe ulifika mwisho. Nyuma yake, kwenye vyuma vya mashine, ulikuwa umeacha unga wa kahawia. Kanda ile haitachezwa tena. Lakini yote, kutoka mchakacho wa kwanza, imo kwenye maktaba ya mtandaoni. Atakayeifungua ataona maelezo aliyoyaandika Mama Kanda mwenyewe. Waimbaji: kwaya ya wauguzi. Mwanzishaji: muuguzi wa wodi ya wazazi. Sauti nyingine: binti yake, miezi mitano.

Desturi ya kukata ameshaifuta. Siku hizi kila kitu kinahifadhiwa, hata ukimya. Sasa anataka kurudia kanda mia tatu na kumi alizozisafisha miaka ile ya mwanzo, na kwa kila moja anatafuta mtu aliye hai atakayesema kikohozi kile ni cha nani, nani aliyeomba maji. Tayari mpiga tarumbeta mmoja mstaafu ameahidi kuja na mkewe, kwa kuwa masikio yake mwenyewe, kwa maneno yake, yamekula chumvi kuliko yeye.

Amebakiza miaka miwili kustaafu. Mkuu wa maktaba amemwambia haitatosha. Mama Kanda naye anajua haitatosha.

“Nitafika nitakapofika,” anasema, akivaa glavu kwa ajili ya kanda zinazotoka. “Ninachotaka ni kimoja. Mtu akiteremka ngazi zile akamuulizia mama yake, asikute nimemtupa.”