Pete Niliyoivalisha Hewa

Hakuna kitu cha kunishtua mimi. Nimeishia darasa la nne, lakini studio yangu ya picha hapa Kabanga, mpakani na Burundi, nimeijenga kwa mikono hii, na nimeshapiga picha hata maiti bila kupepesa jicho. Basi nisikilize, maana hili ni kweli tupu.

Mke wangu alifariki binti yetu Neema akiwa bado ananyonya. Sauti yake ilibaki mahali pamoja tu: video ya harusi yetu, ndani ya kompyuta ya studio. Mwaka jana Neema naye akachumbiwa. Akaniomba, "Baba, nimsikie mama kabla sijaondoka."

Kabla sijamwekea, virusi vikavamia mashine. Nikafuta kila kitu, nikapiga window upya. Wasiwasi wa nini? Nakala ninayo. Na nakala yenyewe iko wapi? Ndani ya diski ile ile niliyoifuta! Nani angenionya, wakati fundi wa Kabanga nzima ni mimi?

Nikashusha programu za kurudisha mafaili, nizipime ipi ni kiboko. Ya kwanza ikanirudishia majina matupu. Ya pili ikaleta vipande: keki, miguu ya watu, nusu ya padri. Sauti, hakuna. Zote nilikuwa naziweka humo humo kwenye diski iliyofutwa.

Jioni moja, mvua kubwa, nilikuwa naweka ya tatu. Akaingia mama mmoja kajitanda kitenge, akakaa kwenye benchi nyuma yangu.

"Subiri kidogo mama, nina kazi."

Akacheka. "Profesa wa darasa la nne! Ujuaji haujakuisha tu?"

Jina hilo aliniita mtu mmoja tu duniani, tena chumbani. Wewe ungegeuka? Mimi sikuthubutu.

"Acha kuchimba, Baba Neema. Kila ukichimba, udongo unaniangukia mimi."

"Imebaki kidogo, mke wangu."

"Haya. Lini uliwahi kunisikia?"

Nikabonyeza. Nilipogeuka, benchi kavu, sakafuni hakuna hata tone.

Video ikafunguka. Niamini, yote! Kanisa, wageni, mimi na suti ya kuazima. Pembeni yangu hakuna mtu. Padri anauliza, kimya, halafu vigelegele. Pete naivalisha hewa.

Nikapeleka diski kwa fundi Mwanza. Akasema, "Mzee, kila programu uliyoweka ilijiandika juu ya ulichokuwa unatafuta. Ungezima tu, ukaniletea." Nilipomwonyesha ile pete, alinirudishia diski bila kunitazama usoni.

Neema ameolewa Biharamulo. Akipiga simu ananiuliza habari za mvua, basi.

Wewe unayesoma, nakala iweke nyumba nyingine, hata kwa jirani usiyeelewana naye. Ukipoteza kitu, zima mashine, usiiguse. Na akija wako kukukataza, geuka umtazame, hata kama moyo utasimama. Mimi uso wake sikuuona, sauti sikuipata, na nauli, malazi na fundi vilikula shilingi laki saba, elfu themanini na tano na mia tano.