Mwanga wa Heshima

Vijana wanaopiga picha za harusi hapa Kolwezi hunijia wakitaka mashauri, kwa sababu nina mvi na nilianza kazi kwa kamera ya filamu. Huwa nawapa yale ya kawaida. Nenda na betri mbili. Mpige picha mama wa bibi harusi kabla hajaanza kulia, na baba yake kabla hajaanza kunywa. Usimwambie mtu acheke. Mwulize nani kapika, atacheka mwenyewe. Ukimpiga mtu picha ya peke yake, mwangalie kwanza kwa macho yako, kamera baadaye. Hilo la mwisho nalisema haraka haraka. Wao huandika kwenye simu zao, hunishukuru, huenda zao, nami nabaki nimekasirika bila kujua nimemkasirikia nani.

Uongo. Najua vizuri.

Aliyenifundisha kazi alikuwa na studio ndogo mtaa wa Manika, karibu na soko. Enzi zile filamu moja ilikuwa na picha thelathini na sita, na harusi moja ilikuwa na matantine, yaani mashangazi na mama wadogo, wasiohesabika. Kila tantine alitaka kusimama na bibi harusi, na ukimkatalia, hiyo ni nongwa ya miaka kumi. Basi mwalimu wangu akanionyesha dawa yake. Nyuma ya flashi kulikuwa na kitufe kidogo cha kujaribia. Unainua kamera, kidole cha kulia unakilaza tu, cha kushoto kinabonyeza kile kitufe. Mwanga unawaka, filamu haisogei. Tantine anaridhika, anarudi kwenye sahani yake. Mwalimu aliuita mwanga wa heshima. Wapiga picha wengi wa mjini tuliutumia, na tulipokuwa wenyewe tuliucheka. Tantine akija kuulizia picha yake, tulimwambia, "Mama, ulifunga macho." Nani atabisha?

Halafu kazi ya shaba ikalala. Mishahara ikakatika, maduka yakaporwa, filamu ikawa kitu cha kuvizia kwa wachuuzi wanaotoka Zambia. Juu ya hayo yote ikaja habari kwamba watu wenye asili ya mkoa wa Kasai warudi kwao. Kwao wapi? Wengi walizaliwa hapa hapa. Babu zao ndio walioletwa kuchimba. Walitolewa kwenye nyumba, wakaenda stesheni na magodoro na masufuria, wakakaa pale majuma kwa majuma wakingoja treni. Sisi ambao wazee wetu ni wa kaskazini ya Katanga tulibaki. Nilipita stesheni kila siku kwa baiskeli. Ningependa kusema nililia. Sikulia. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya: upo, lakini ukiufinya husikii kitu.

Jumatano moja mama mmoja aliniita kutoka upande wa mizigo. Alikuwa jirani yetu tangu nikiwa mdogo. Mume wake alikuwa fundi wa mashine mgodini, na baiskeli ile niliyokuwa nimeikalia ndiye aliyenitengenezea, zaidi ya mara moja, bila kutaka kitu. Sasa mzee alikuwa amelala kwenye mkeka chini ya paa la bati, amekonda, anakohoa.

"Mwana, uko na kamera?"

"Niko nayo, mama."

"Tata hana picha. Hata moja. Ile ya karti ya kazi balikamata siku balitufukuza ku nyumba. Na mi naona hatafika."

Alisema hivyo mbele ya huyo tata, mzee mwenyewe, taratibu, na mzee hakukataa.

Kamera yangu ilikuwa imebakiwa na picha tatu. Kidirisha kilionyesha thelathini na tatu. Jumamosi nilikuwa na harusi Manika, nami nilikuwa nimeshazigawa: moja kanisani, moja na wazazi, moja ya keki. Mjini kote hakukuwa na filamu nyingine. Mwalimu wangu alipenda kusema akiba haiozi.

Mama alichukua muda mrefu kumwandaa. Akamvika shati, akamvika koti, akamfunga tai, akamchana nywele, akamwegemeza kwenye sanduku la bati ili asianguke. Mimi nilisimama nikingoja, jua likinichoma shingo, nikifikiria Jumamosi. Alipokuwa tayari niliinua kamera. Kidole cha kulia nikakilaza. Mwanga ukawaka.

"Aksanti, mwana," mzee akasema.

"Ilitoka muzuri?" mama akauliza.

"Muzuri sana, mama."

"Utunze negatif. Mi nitakuya kuichukua, ao nitatuma muntu."

Nikapanda baiskeli yangu. Sikusikia aibu wala huruma. Nilisikia njaa, nikaenda kula.

Jumamosi nilifika Manika nimevaa suti. Viti vilikuwa vimepangwa, bwana harusi hayupo. Baba yake alikuwa wa asili ya Kasai, na wajomba wa bibi harusi walikuwa wameikataa ndoa katakata. Asubuhi ile ile kijana alikuwa amepanda treni pamoja na wazazi wake. Bibi harusi alikaa jikoni na gauni lake, anamenya vitunguu, maana chakula kilikuwa kimeshaanza kupikwa.

Nikageuza baiskeli nikaenda stesheni. Picha tatu zilikuwepo, na sasa zote zingekuwa za mzee. Nilikuta majivu, maganda ya muhogo, na mtu mmoja anafagia. Akaniambia wote waliokuwa chini ya bati wameondoka na treni ile. Filamu ilikaa ndani ya kamera mpaka joto likaiharibu. Akiba haiozi, wanasema. Filamu inaoza.

Miaka ikapita, watu wakaanza kurudi mmoja mmoja. Asubuhi moja mama yule akaingia studio kwangu. Sura ilikuwa imechakaa, lakini sauti nikaijua. Nikampa kiti.

"Tulipita Lubudi, tata akakata roho," akasema. "Tulimuzika kando ya reli. Nilikuya kuchukua ile picha."

Lile jibu la matantine likanijia mdomoni lenyewe, jinsi nilivyolizoea. Nikalimeza.

"Mama, picha hakuna. Siku ile niliwasha mwanga tu. Filamu niliificha kwa ajili ya harusi."

Laiti angenitukana. Aliweka mkoba wake kwenye mapaja, akaushika kwa mikono miwili.

"Lakini ulimuangalia," akasema. "Wewe ndjo muntu wa mwisho mwenye alimuangalia tata amevaa koti yake. Uniambie alikuwa namna gani."

Nikafumba macho nimtafute. Nikaona kidirisha cha kamera na namba thelathini na tatu, nyeupe. Nikatafuta tena, nikaona namba. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, na muda wote ule nilikuwa naangalia namba, kwa sababu mwanga wa heshima hauhitaji umwangalie mtu.

"Tai," akasema, kwa upole, kama anayemsaidia mtoto kusoma. "Nilimufunga tai. Ilikuwa rangi gani?"

"Sijui, mama."

Nilidhani ananijaribu. Nikangoja anisahihishe.

"Mi pia nilisahau," akasema. "Ndjo maana nilikuya."