Jumba Lisilotakiwa na Mwenyewe

Ukungu haujapanda kutoka bondeni na tayari Elmina Nyambeki yumo shambani. Amejifunga nailoni kiunoni umande usimloweshe, kapu liko mgongoni, vidole vinachuma vyenyewe, majani mawili na chipukizi. Macho yake yako kwenye lango. Anamngoja wakili.

Nyuma yake limesimama jumba la ghorofa mbili, mapazia yamefungwa. Hapa ni nje kidogo ya Chepilat, na kila mwenye bodaboda anajua ni kwa nani. Ni kwa Kebaso, yule mchekeshaji anayejifunga leso kichwani na kuigiza mama mkali wa kijijini. Nchi nzima humcheka hadi machozi. Mama anayemwigiza alikuwa mzazi wake, Yunia, na Nyambeki ndiye aliyemtunza hadi alipofariki Juni iliyopita.

Kebaso mwenyewe anaishi ng'ambo, katika mji usiotoza mtu kodi ya mapato. Jumba alilijenga yeye, lakini aliliandikisha kwa jina la mama.

"Nilidhani ni heshima," anasema Nyambeki, 54. "Nikasema, huyu kijana anapenda mamake kweli. Kumbe ni hesabu."

Hesabu hiyo alikuja kuelezwa na wakili Omollo, anayesimamia mambo ya Kebaso kutoka Kericho. Mtu akiwa na makao ya kudumu nchini, kisha akakanyaga hapa hata siku moja katika mwaka, sheria humhesabu mkaazi, na serikali humdai kodi. Asiye na makao huja, hufanya maonyesho yake, hurudi zake. Kwa hiyo Kebaso hakuwa na nyumba. Alikuwa mgeni wa mama yake.

"Kuficha mapato ni kosa," Omollo humwambia Nyambeki kila mara. "Kupanga mambo yako ili kodi isikufikie, hilo si kosa."

Huenda anasema kweli. Lakini Nyambeki hulipwa shilingi elfu tisa kwa mwezi, na hakuna aliyewahi kumpangia chochote. "Nikinunua sabuni, kodi. Sukari, kodi. Nikipigia Gesare simu, kodi. Mimi nitahamia wapi?"

Gesare ni binti yake wa pekee, mwanafunzi wa chuo kikuu huko Kabianga. Anasoma kwa ufadhili wa serikali unaotolewa kwa watoto wa maskini. Bila huo, masomo yamekwisha.

Siku kifua cha Yunia kilipobana, Nyambeki alimkimbiza kwenye zahanati ya serikali iliyo karibu. Muuguzi alikuwepo. Dawa haikuwepo, wala hewa ya oksijeni. "Tuliambiwa tununue hata glavu," anasema. Gari la wagonjwa lilikuwa limekaa juu ya mawe, halina magurudumu.

Yunia aliuliza jambo moja tu, Kebaso amefika wapi. "Nikamwambia yuko njiani. Nilimdanganya, na akakufa akiangalia mlango. Hiyo kitu bado inaniuma."

Kebaso hakuja hata kwa mazishi. Mama alipokata roho, jumba lilimwangukia yeye, mwana wa pekee. Angeshuka uwanja wa ndege siku ile, angekuwa mtu mwenye makao nchini. Wakili alimshauri akae huko huko hadi nyumba ipate jina jingine.

Kwao, kaburi la mama huanzwa na mwanawe. Yeye ndiye hupiga jembe la kwanza, wengine ndio wafuate. Wanaume wa jirani walisimama na majembe yao tangu asubuhi hadi jua likawa utosini, hakuna aliyethubutu kugusa udongo. Mwishowe mzee Mageto, jirani, alivua koti akaanza yeye, huku mtu ameshika simu ili Kebaso aone kutoka huko aliko.

"Alilia sana kwa simu," Nyambeki anasema. "Sisemi hakulia."

Baada ya matanga wakili alileta ombi. Jumba liandikwe kwa jina la Nyambeki. Hatalala humo, ataendelea na chumba chake nyuma ya zizi, ataendelea kuchuma chai, na mshahara utaongezwa. Ni jina tu.

Jina tu, eti. Nyambeki alimuuliza Gesare kwenye simu, na binti akampigia hesabu. Mama mwenye jumba la ghorofa mbili hana mtoto maskini. Ufadhili ungekatwa, na jumba lenyewe wasingeweza kuuza hata kigae.

Saa tatu gari linaingia. Omollo anashuka akipangusa viatu kwenye nyasi.

"Mama Gesare, habari ya asubuhi. Umefikiria?"

"Nimefikiria, wakili. Nimekataa."

"Ni halali kabisa, mama."

"Kama ni halali, yeye mwenyewe aje achukue."

Omollo hakasiriki. Anamweleza, kwa upole, kwamba basi chumba kitahitajika mwisho wa mwezi, maana atakayeandikwa jina huenda akataka mfanyakazi wake mwenyewe. Nyambeki anaitikia kwa kichwa. Ameshaulizia chumba nyuma ya soko la Chepilat. Atachuma chai kwenye mashamba ya watu, kwa kilo, hadi Gesare amalize. Anatumaini kumwona amevaa joho. Baada ya hapo, anasema, magoti yakikataa na yakatae.

Ana ombi moja. Kaburi la Yunia liko pale chini, kando ya uzio, na mvua hizi zinaotesha magugu upesi. Angependa kuruhusiwa kuingia mara moja moja kulipalilia.

"Hilo itabidi umwombe mwenye nyumba," Omollo anasema.

"Ni nani?"

Wakili anafungua mlango wa gari. "Bado tunamtafuta."